Bei Isiyo na Maongezi

Mama mdogo alijifunzia bei za Marekani kwenye televisheni. Kazi ya kwanza aliyoipata Los Angeles, akitokea Tanga, ilikuwa ya kumtunza bibi mmoja wa Kimarekani ambaye miguu yake ilikuwa imeisha nguvu lakini ulimi bado. Ikifika saa nne asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, bibi yule alitaka jambo moja tu: awashiwe The Price Is Right. Aliyethubutu kumletea dawa saa hiyo alitimuliwa. Basi mama mdogo akawa anakaa naye. Mwanzoni hakuelewa wale watu wanarukaruka kwa sababu gani. Baada ya muda akawa anabishana na bibi juu ya bei ya sabuni ya vyombo, na baadaye kidogo akawa anamshinda. Mpaka leo ukimuuliza friji ya milango miwili inauzwaje, atakutajia ya zamani na ya sasa.

Kwa hiyo nilipomtembelea mwaka 2018, hakutaja bahari wala vilima vya Hollywood. Alisema, "Mwanangu, nitakupeleka kwenye bei."

Kwa asiyekijua, kipindi chenyewe hakina siri. Watu wanaonyeshwa vitu, wanakadiria vinauzwa kiasi gani madukani, na anayekaribia zaidi bila kuzidisha anaingia kwenye michezo mingine yenye zawadi kubwa zaidi. Toleo hili lilianza kurushwa na CBS tarehe 4 Septemba 1972. Bob Barker aliliendesha kwa miaka 35, akastaafu 2007, na kiti kikachukuliwa na mchekeshaji Drew Carey. Bibi wa mama mdogo hakumsamehe Carey hata siku moja. Kosa lake lilikuwa kwamba si Barker.

Siku hizo kilirekodiwa Television City, jengo jeusi na jeupe lililofunguliwa mwaka 1952 penye kona ya barabara za Fairfax na Beverly. Mwaka 2023 kipindi kilihamia Glendale, kaskazini kidogo mwa jiji, kwa hiyo ninayoyasimulia hapa ni ya nyumba ya zamani. Jirani yake lipo soko linaloitwa Farmers Market, ambalo limekuwapo tangu 1934, na ndiko tulikopata chai ya asubuhi: maandazi ya mviringo yenye tundu katikati, yamepakwa sukari mpaka vidole vinanata, na kahawa isiyo na maana. Matunda yamepangwa kwa rangi, kila lundo na kibao chake cha bei. Nilisimama mbele ya zabibu kwa muda nikimsubiri mwenye meza aseme neno. Alitabasamu, akaendelea kupanga mapeasi yake.

Foleni ilikuwa ndefu na yenye furaha isiyo ya kawaida kwa foleni. Watu walikuwa wamekuja kwa makundi, na kila kundi na fulana zake za aina moja zilizochapishwa maneno. Wapo wanafunzi wa chuo, wapo wanajeshi, yupo bibi harusi mtarajiwa na mashoga zake. Mama mdogo na wahudumu wenzake wa wazee, Mfilipino mmoja na Wamexico wawili, walishona umoja wao kwa fulana za zambarau zilizosema, kwa Kiingereza, kwamba wao ndio wanaowatunza bibi zenu. Fulana hizo zilipendwa sana. Watu wasiowajua walikuja kuwakumbatia, na mwanamke mmoja akatokwa na machozi akisimulia habari za mama yake.

Nyuma yetu alikuwapo mzee aliyestaafu udereva wa malori, kutoka Nebraska, na wajukuu zake wawili. Aliniambia kwamba alianza kukitazama kipindi akiwa mtoto, siku alizougua akabaki nyumbani wenzake walipokwenda shule. Nilikuja kusikia maneno hayo hayo kwa watu wengi siku ile: homa, blanketi, kochi, na sauti ya mtu anayeitwa ateremke jukwaani. Sisi wa bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na chao, tena cha rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kumbukumbu za utotoni za mzee yule na zangu hazikuwa na pa kukutana, lakini alizungumza nami kana kwamba nami niliugua kwenye kochi lile lile. Akanipa nusu ya mkate wake.

Kabla ya kuingia unabandikwa kifuani karatasi ya njano yenye umbo la lebo ya bei, jina lako limeandikwa kwa wino mweusi mnene. Sote tukawa bidhaa. Kisha mnasimamishwa kundi kwa kundi, mtayarishaji anapita na kumuuliza kila mtu swali moja au mawili: unatoka wapi, unafanya kazi gani. Nyuma yake kuna msaidizi na daftari. Hakuna anayekwambia kwamba huo ndio mtihani wenyewe, ila kila mtu anajua, kwa sababu wanaoitwa jukwaani huchaguliwa kutokana na sekunde zile. Mimi, mgeni wa viza ya matembezi, sikuwa na matumaini ya kuitwa, nikajibu kwa adabu na mikono mbele kama nilivyofunzwa. Mtayarishaji alishakwenda kabla sijamaliza sentensi. Lakini mama mdogo! Mwanamke ambaye Tanga hupaza sauti pale tu kuku anapoingia jikoni alimwambia yule bwana kwamba yeye amefundishwa uchumi na bibi mwenye miaka tisini na kitu, kisha akapiga kigelegele. Foleni nzima iligeuka. Msaidizi aliandika.

Ndani, chumba kilikuwa kidogo. Hilo kila mtu alilisema na kila mtu alilishangaa. Kwenye kioo ulikuwa ukumbi mkubwa. Ukiwa pale vilikuwa viti kama mia tatu, baridi ya kiyoyozi, na mapambo ya rangi za chungwa na zambarau yaliyoamua kubaki mwaka 1972. Milango mikubwa ya jukwaani ilikuwa imepakwa rangi kwa mkono. Simu tulikwisha kuzikabidhi, kwa hiyo watu walikuwa wakitazama kwa macho, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu nitue uwanja wa ndege. George Gray, mtangazaji, alitoka kutuchangamsha: tukacheza, tukapiga makofi kwa kupimwa, tukafundishwa kwamba kukaa kimya pale ni utovu wa adabu. Ni kazi hasa. Kufikia saa ya kurekodi nilikuwa nimechoka kama niliyelima, na kamera zilikuwa hazijawashwa.

Kelele za pale ni za ajabu kiasi kwamba anayeitwa hasikii jina lake. Inabidi mfanyakazi mmoja asimame mbele na karatasi kubwa iliyoandikwa jina, ndipo mtu anajiona, anapagawa, anateremka ngazi akikumbatia kila aliyemfikia. Wanne wa kwanza walisimama kwenye safu yao mbele ya jukwaa. Pazia likafunguka. Ikatolewa seti ya viti vya bustanini.

Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mama mdogo anakipenda kipindi hiki. Wanne wale hawakuangalia viti. Waligeuka kutuangalia sisi. Na sisi, watu mia tatu tusiojuana, tukaanza kuwapigia kelele za bei: mia nane! elfu moja na mia mbili! mia tisa na hamsini! Vidole juu, shingo zimevimba. Mzee wa Nebraska alisimama juu ya magoti yake mabovu akipaza sauti. Kila mmoja alikuwa na bei yake na ushahidi wake, na jirani akabisha, na jirani wa jirani akaafiki. Nilijikuta nami nasema mia saba na hamsini, mimi ambaye sijawahi kuwa na bustani.

Tangu nifike Marekani nilikuwa nikisumbuliwa na jambo nisilolijua jina. Dukani hakuna sauti. Mtu anachukua kitu, bei imebandikwa, anakipitisha penye mashine, inalia mlio mmoja, anaondoka. Kariakoo bei ni mwanzo wa mazungumzo. Muuzaji anakwambia elfu arobaini, tena anaongeza kwamba maongezi yapo. Unamuuliza mwisho ngapi. Anakuuliza wewe una ngapi. Unamwambia habari za watoto. Anakwambia wewe ndiye unayemfungulia biashara. Mnafika elfu ishirini na tano mkiwa mmekwisha kujuana kidogo. Mnaweza pia kutukanana, sikatai, na mgeni hulipishwa bei ya ugeni wake. Lakini shati lile linakuwa na hadithi. Pale studio, kwa mara ya kwanza katika nchi ile, nilisikia watu wazima wakijadiliana bei kwa sauti. Ilibidi watengenezewe ukumbi, taa na kamera ndipo wafanye.

Nao hawakuzaliwa hivyo. Karne ya 19 Wamarekani pia waliombana punguzo kaunta kwa kaunta. Wafanyabiashara wa dhehebu la Quaker walikuwa wamekataa mapema, kwa hoja kwamba kumtajia mtu bei usiyoikusudia ni kusema uongo, na kwamba watu wote wauziwe sawa. Baadaye John Wanamaker wa Philadelphia, aliyefungua duka lake kubwa mwaka 1876, akaieneza desturi ya kubandika bei moja kwa wote. Hoja ni nzuri na siwezi kuipinga. Nimewahi kumwona mama mmoja kutoka kijijini akiuziwa sufuria pale Kariakoo mara mbili ya bei niliyouziwa mimi, na hakuna hadithi ya kumfidia. Ninachosema ni kwamba kitu kimoja kilipoondoka dukani hakikufa. Kilikwenda kujificha kwenye televisheni, saa nne asubuhi, wakati wenye haraka wako kazini na nyumbani wamebaki wazee, wagonjwa na wanaowatunza.

Halafu kuna kichekesho ambacho nilifafanuliwa na yule mzee wakati wa mapumziko. Bei "sahihi" ya mchezo ni ile inayopendekezwa na mtengenezaji. Kwenye magari ndiyo ile iliyobandikwa kioo cha dirishani, kwa sheria ya mwaka 1958 iliyoletwa na seneta Mike Monroney wa Oklahoma, maana wauza magari walikuwa wakijitajia bei watakavyo. Sasa, gari ndicho kitu ambacho Mmarekani hakubali kulipia bei ya dirishani. Gari linajadiliwa. "Kwa hiyo unashinda kwa kuitaja bei ambayo hakuna mwenye akili anayeilipa," mzee aliniambia, akacheka mpaka akakohoa.

Mapumziko ya matangazo yalikuwa matamu kuliko kipindi. Carey hakuondoka. Alikaa akipiga soga na hadhira, akijibu maswali ya soka na ya afya yake, na wafanyakazi nyuma yake wakisukuma michezo mikubwa ya magurudumu, wakifagia, wakibadilisha taa. Kisha mtu anahesabu kurudi nyuma na tabasamu zote zinawashwa tena.

Ukaja mchezo wa mpanda mlima, kikaragosi cha mbao cha Mzungu wa milima ya Alps ambaye hupanda huku wimbo wa kwao ukipigwa. Unakadiria bei za vitu vitatu vidogo. Kila dola unayokosea ni hatua moja kuelekea kileleni, na zikizidi 25 anaporomoka upande wa pili. Nilikulia nchi yenye Kilimanjaro na sijapata kumuonea huruma mpanda mlima kiasi hiki. Mchezaji alikuwa kijana mwoga. Alimtafuta mkewe kwa macho, mkewe alikuwa amejifunika uso. Mama mdogo alisimama kwenye kiti: "Ishirini! Thelathini! Arobaini!" Hiyo ni kanuni ya mashabiki, taja 20 kwa kitu cha kwanza, 30 kwa cha pili, 40 kwa cha tatu, na mara nyingi Mzungu wa mbao husalimika. Kijana alimsikia. Mpanda mlima alisimama hatua chache kabla ya ukingo, na kijana akapata safari yake. Alipopita karibu nasi alimuonyesha mama mdogo kidole gumba, naye akapokea kama mtu aliyelipwa deni.

Nilimuuliza mzee kama huko si kuibia. Akasema hapana, kupewa bei na watu waliokaa ni halali, ndiyo asili ya mchezo. Wamarekani wana kidonda cha zamani katika habari hizi. Miaka ya 1950 iligundulika kwamba washindi wa mashindano ya maswali walikuwa wakipewa majibu kwa siri na watayarishaji. Charles Van Doren, mwalimu wa chuo kikuu aliyekuwa kipenzi cha taifa kupitia kipindi cha Twenty-One, alikiri mbele ya Bunge mwaka 1959, na mwaka uliofuata sheria ikapitishwa ya kuharamisha mchezo wa aina hiyo. Hivyo basi mwaka 2008, humo humo studio, Terry Kniess, aliyewahi kuwa mtabiri wa hali ya hewa, alipoikadiria seti ya mwisho ya zawadi kuwa dola 23,743 na ikatokea kuwa 23,743 kamili, kurekodi kulisimama. Kulikuwa na hofu kwamba wameibiwa. Kumbe Kniess na mkewe walikuwa wamekitazama kipindi kwa makini kabla ya kwenda, wakaona kwamba bidhaa zinarudiwa na bei zake hazibadiliki, wakazikariri. Na katika viti alikuwapo shabiki mwingine wa miaka mingi, naye akizijua. Mtu wa Kariakoo asingeshangaa. Mwenye kushinda sokoni ni anayekuja kila siku.

Gurudumu nalo ni zito kuliko linavyoonekana. Lina nafasi 20, kuanzia senti tano mpaka dola moja, na unalizungusha mara moja au mbili ufikie dola bila kuipita. Mama mmoja mnene mwenye kicheko kizuri alilivuta kwa nguvu zake zote, likaenda mzunguko mmoja kwa shida, likasimama kwenye dola. Sitasahau kelele ile. Sikujua kwamba naweza kumfurahia kiasi kile mtu ambaye sijui hata anaishi mkoa gani.

Mwishoni kabisa, vipande vya karatasi za rangi vikianguka na mshindi akiwa amelala juu ya boneti ya gari, Drew Carey aligeukia kamera akawakumbusha Wamarekani wahasi mbwa na paka wao. Ni desturi aliyoiacha Barker, mtetezi mkubwa wa wanyama, na Carey ameirithi pamoja na kipaza sauti. Nilimtazama mama mdogo nione kama nimesikia vizuri. "Kila siku," akasema. "Ndiyo amina yao."

Gari lenyewe huondoki nalo. Mshindi anapelekwa kwenye meza, anasaini makaratasi, anaambiwa anyamaze mpaka kipindi kirushwe, na zawadi humfikia baadaye. Kisha serikali huihesabu kuwa kipato na kuitoza kodi kwa thamani yake, na wapo wanaokataa zawadi kwa sababu hiyo. Mama mdogo hakuitwa. Alisema afadhali, maana angepata boti, na boti angeiweka wapi.

Jioni tuliteremka na Fairfax ile ile kuelekea kusini mpaka kwenye maduka ya Wahabeshi, mtaa ambao tangu 2002 jiji limeutambua rasmi kwa jina la Little Ethiopia. Sinia moja, injera imetandazwa, dengu, mboga za majani, nyama ya pilipili, mikono minne ya wahudumu wa wazee pamoja na wangu. Wamexico waliikunja injera kama yao. Baada ya kula mama mdogo aliingia duka la viungo la jirani kununua buni. Mwenye duka akataja bei, mama mdogo akavuta pumzi kwa ndani kwa namna niliyoijua tangu utotoni, na dada yule wa Kihabeshi akatabasamu. Waliongea kwa Kiingereza kibovu cha pande zote mbili kwa dakika nyingi. Alitoka na buni kwa bei ile ile, ila na iliki ya nyongeza kwenye mfuko wa karatasi.

Siku chache baadaye aliniomba nimsindikize kununua gari, Toyota iliyotumika, kwenye kiwanja cha magari kilichopambwa kwa bendera ndogondogo. Muuzaji, kijana wa suti iliyombana, alitaja kiasi. Mama mdogo akaketi, akauliza habari za mama yake mzazi, anaishi wapi, nani anamtunza. Kijana akajibu. Mama mdogo akataja kiasi chake. Kijana akasema aende kwanza akamuulize bosi, akaingia ofisi ya vioo, tukamwona amesimama humo hafanyi kitu. Akarudi na punguzo la dola mia mbili. Akatumwa tena. Akarudi na mia tatu zaidi na kopo la soda.

"Mwanangu, inuka," mama mdogo akaniambia kwa Kiswahili, akichukua mkoba wake taratibu. "Tembea, usigeuke nyuma."

Tulikuwa hatujafika kwenye Toyota ya tatu kutoka mlangoni aliposikika akikimbia.